Hii updeti imeua vifaa vya gereji, tunataka vipimo vyetu virudi

Wakuu, nina hasira na sifichi. Hii gemu ya gereji tumeinunua kwa hela zetu, tukaipenda, tukaitetea kwa kila aliyesema ni ya kubonyezabonyeza tu, sasa wenyewe walioitengeneza wameichokonoa mpaka imeharibika. Wanasema kwenye updeti ya sasa "wamerahisisha vifaa". Walichofanya ni kuvitoa roho. Vifaa vipo palepale ukutani, vinang'aa kuliko zamani, ila havipimi kitu.

Naanza na geji ya kompresheni, ile ya kupima presha ndani ya silinda za injini, maana ndio imeniuma kuliko zote. Zamani ulikuwa unafungua plagi zote, unafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, unapiga stata, sindano inapanda, unasoma, unahamia ya pili. Injini ya petroli yenye afya inakupa presha kama bar 10 mpaka 13 hivi, lakini fundi haangalii namba moja peke yake, anaangalia silinda zinavyotofautiana. Tatu zinasoma 12 afu moja inasoma 7, hapo unajua mgonjwa ni nani. Unamimina oili kidogo kwenye hiyo silinda unapima tena, ikipanda ringi za pistoni zimekwisha, isipopanda unaanza kushuku valvu au gasketi ya silinda hedi, na zikiwa mbili zilizopakana zote ziko chini basi gasketi ndio ya kwanza kushukiwa. Yaani geji moja na oili kidogo tu vinakwambia kama unafungua hedi au unashusha injini nzima, na kwenye hii gemu anayecheza anajua tofauti ya hizo kazi mbili ilivyo kubwa.

Sasa hivi unachomeka geji, kiduara kinazunguka, yanakuja maandishi "Injini 62%". Asilimia 62 ya nini jamani? Hakuna silinda, hakuna bar, hakuna namba ya kulinganisha na nyingine. Inabidi ulete winchi, ung'oe injini, uifunge kwenye stendi, ufungue mpaka pistoni ya mwisho ndo ugundue kilichokufa ni valvu moja ya ekzosti ambayo ungeifikia kwa kufungua hedi tu injini ikiwa ndani ya gari.

Multimita nayo wameifanya hivyohivyo. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari imezimwa, inasoma kama 12.6. Washa injini, ikipanda kati ya 13.8 na 14.5 alteneta inachaji, ikigoma kupanda usikimbilie kumuuzia mteja betri, kaangalie alteneta na belti yake kwanza. Ile kazi ya mteja anayelalamika gari haiwaki asubuhi ilikuwa tamu kwa sababu hiyo, betri na alteneta vyote vinashukiwa na we ndo unaamua. Siku hizi ukiigusisha tu multimita inaandika "Betri 40%", unabadilisha betri, mteja anaondoka na alteneta yake mbovu na gemu inakupa nyota zote.

Afu kinachonichanganya zaidi ni mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Hii wameipa akili zote walizozinyang'anya zile nyingine. Zamani ilikuwa inakupa kodi ya hitilafu, yaani namba ambayo kompyuta ya gari inatunza ikiona tatizo. P0301 maana yake silinda namba 1 inamisi, haichomi mafuta inavyotakiwa, basi. Haisemi ni plagi, haisemi ni koili wala injekta, hiyo ni kazi yako wewe, unatoa koili ya silinda 1 unaihamishia silinda 3, unafuta kodi, unawasha, ukisoma tena ikawa P0303 umemshika mwizi. Sasa kodi hazipo kabisa. Inakuandikia moja kwa moja "Badilisha koili namba 1" na umemaliza. Kuna raha gani hapo, mi si mpokea maagizo, nilikuja kucheza ufundi.

Na inachomeka kwenye kila gari! Hata zile za miaka ya 1960 zenye kabureta na distributa, gari ambayo haina kompyuta wala soketi ya kuchomekea. OBD-II, mfumo wenye hiyo soketi ya kusomea kompyuta ya gari, imekuwa lazima kwa magari Marekani kuanzia modeli za 1996, Ulaya magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Gari ya 1967 unachomeka wapi? Na hawa watu walikuwa wanalijua hili, mwanzoni ukisogelea gari ya kizamani hiyo mashine haikuwepo hata kwenye menyu, ilibidi uchukue taa ya taiming, ukague pointi, usikilize injini inavyounguruma. Kwa hiyo sio kwamba hawakujua, walijua wakaamua kufuta.

Sasa njoo kwenye vifaa vya kufunga na kufungua. Kule kwenye kupima wamekata kila kitu, huku kwenye kubonyeza wameongeza. Chukua mashine ya kukandamizia springi. Umeshusha shokapu ya mbele, unaipeleka pale. Kandamiza, subiri. Nati ya juu, subiri. Kofia ya juu, subiri. Springi, subiri. Inafunguka orodha ya stoo, ndani springi kibao, nzima na mbovu zote zina jina moja, hazijapangwa kwa hali yake, ya 98% imekaa chini ya ya 23% na hakuna hata rangi ya kuzitofautisha. Ukichagua orodha inajifunga, ukitaka raba ya vumbi inafunguka upya kuanzia juu kabisa unaanza kusokota maus tena. Na ukichukua springi ya nyuma ukaiweka kwenye shokapu ya mbele mashine inaipokea vizuri tu, unakuja kukataliwa ukiwa chini ya lifti, "Haiwezekani", unarudi mwanzo. Gereji ya kweli springi ile ikifyatuka inaweza kuua mtu, ndio maana pale fundi anaenda taratibu. Hapa hakuna hatari yoyote, ni kusubiri tu.

Mashine ya tairi hivyohivyo. 205/55R16 ni upana milimita 205, ukuta wa tairi asilimia 55 ya huo upana, rimu inchi 16, kitu rahisi ambacho mchezaji mpya angejifunza ndani ya dakika mbili. Maelezo ya saizi yaliyokuwa yanatokea ukielekeza maus wameyatoa, kwa hiyo anayeanza anaweka tairi ya 16 kwenye rimu ya 17, anaambiwa haiwezekani na hajui kwa nini. Balansi ni ileile animesheni mara nne na kitufe cha kuiruka hakipo tena. Ya kuchonga diski za breki siisemi sana, inachukua diski iliyoliwa inairudisha asilimia 100 wakati kila diski ina kikomo cha unene na kuchonga kunapunguza chuma, hakuongezi.

Najua watakuja wa kusema ni gemu tu mkuu punguza jazba, wengine hawataki mambo ya bar na volti. Sawa, hao modi ya rahisi ilikuwepo tangu siku ya kwanza na asilimia zao walikuwa nazo, hakuna aliyewagusa. Sisi wa modi ngumu tumenyang'anywa yetu.

Na kilichonifanya niandike leo ni jibu lao. Niliwaandikia kwa heshima, nikaeleza silinda kwa silinda, wakanirudishia ule ujumbe wa kukopi na kupesti kwamba wanathamini maoni yangu na vipimo vya kina vitakuja kwenye kifurushi cha nyongeza. Cha kulipia! Yaani wamechomoa sindano kwenye geji niliyokwisha inunua wanataka kuniuzia sindano hiyohiyo. Huu ni wizi wa mchana kweupe na nyota nilizowapa nimeshazishusha zote.

Wakuu ambao hamjaweka hii updeti zimeni updeti za kujishusha zenyewe kabla hamjawasha gemu, msije mkaingia mkenge. Ambao tumeshaingia twendeni kwenye ukurasa wao wa maoni tuandike kitu kimoja, namba za silinda zirudi, volti zirudi, kodi zirudi, na visiwe vya kulipia. Na kama kuna mtu amefanikiwa kurudi toleo la nyuma bila sevu kufutika aweke maelekezo hapa, nina V8 iko kwenye stendi nusu imefunguliwa na sitaki kuimalizia kwa kubahatisha.