Prosesa ya monita inawasha taa nyekundu na besi siisikii, naombeni ushauri

Dogo wa Sinza: Wakuu habari za muda huu. Nina studio ndogo hapa Sinza, narekodi singeli na kwaya. Nimefunga prosesa ya monita ya kidijitali kati ya kadi ya sauti na spika, ile unayoichomekea maiki inapima chumba halafu inarekebisha yenyewe. Imepima, ikakuta shimo kwenye 50 Hz, yaani sauti hiyo ya besi inapotea, ikajaza kwa kuipandisha 9 dB. Sasa kila ngoma ya chini ikigonga, taa ya limita, ile inayozuia sauti isizidi kiwango, inawaka nyekundu, na hapa nilipokaa besi siisikii. Nikiiongeza kwenye miksi, wimbo ukipigwa kwenye bajaji besi inamfunika mwimbaji. Nataka niuze spika hizi za inchi 5 nichukue za inchi 8. Niko sahihi? Usingizi sipati, kazi za watu zimelala.

Bint Temeke: Pole kaka. Ila na nyie wa singeli punguzeni, majirani tuna watoto wachanga.

Mzee wa Kwaya: Mwanangu, kanisani kwetu Tabata spika za nyuma ziko mita 17 kutoka za mbele. Waumini wa nyuma walikuwa wanasikia kila neno mara mbili. Fundi akazichelewesha 50 ms (milisekunde) kwenye prosesa, maana sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Tangu siku hiyo mahubiri yanasikika vizuri. Usikate tamaa, na kazi za kwaya usizicheleweshe.

Fundi Redio: Kadi na prosesa zote ziko 48 kHz, yaani kasi moja ya sampuli? Chumba kina ukubwa gani, na kiti kiko wapi?

Dogo wa Sinza: Zote 48, taa ya kuunganika ni ya kijani na imetulia. Chumba cha kawaida tu mkuu. Swali langu ni inchi 5 au inchi 8.

Kamanda Mbagala: Chukua za 8, hutajuta. Na ukutani bandika trei za mayai.

Fundi Redio: Trei za mayai haziigusi besi, achana nazo. Dogo, "cha kawaida" si kipimo.

Dogo wa Sinza: Haya. Ni mita 3.4 kwa 3.4. Nimekaa katikati kabisa, kwa sababu nikisogea mbele mlango unagonga meza. Na spika nimeshapokea kishika uchumba, mteja anakuja leo saa kumi. Sijakurupuka, inchi 5 ni ndogo kwa singeli, hilo kila mtu analijua.

Msema Kweli: Hii chai. Chumba mraba, kiti katikati, shimo 50 kamili, na mteja yuko njiani? Mwenye hela ya prosesa hiyo hakosi ya fundi. Huu uzi ni tangazo la kuuza spika.

Kamanda Mbagala: Chai ya moto kabisa, leteni chapati.

Dogo wa Sinza: Jamani, prosesa kaniachia kaka alipofunga studio yake. Bei ya spika nimeitaja wapi? Namba ya simu je? Nina watu wanasubiri nyimbo zao.

Fundi Redio: Si chai. 50 Hz aliitaja kwenye posti ya kwanza, ukubwa wa chumba tumemkamua. Gawanya 343, ile kasi ya sauti aliyoitaja Mzee wa Kwaya, kwa mara mbili ya 3.4, unapata kama 50. Chumba cha mita 3.4 lazima kisumbue hapo, na katikati ndipo wimbi hilo linapojiua. Urefu ukilingana na upana, tatizo linajirudia pande zote mbili. Prosesa haiwezi kujaza shimo hilo. Kila 3 dB inadai nguvu mara mbili, kwa hiyo 9 dB ni mara nane, ndiyo maana limita inalia. Inchi 8 utaziweka kwenye shimo lile lile. Dogo, zima marekebisho, piga toni ya 50 Hz kwa sauti ndogo, halafu tembea mpaka ukuta wa nyuma.

Dogo wa Sinza: Mkuu! Kwenye kiti kama hakuna kitu. Ukutani kikombe kilichoko kwenye rafu kinatetemeka mpaka kijiko kinalia.

Msema Kweli: Nimekusoma fundi. Dogo, samahani.

Fundi Redio: Sasa kiti kisogee mbele, kichwa kiwe kama mita 1.3 kutoka ukuta wa mbele. Pima upya, na maiki usiiache sehemu moja, izungushe kuzunguka kichwa. Kwenye prosesa ruhusu kupandisha 3 dB, isizidi. Vilima, yaani sauti zilizozidi, iache ikate inavyotaka. Spika moja ikiwa karibu nawe kuliko nyingine kwa sentimita 34, icheleweshe 1 ms. Mlango ufungukie nje, bawaba ni kazi ya dakika chache.

Dogo wa Sinza: Mwenye nyumba hataki mlango uguswe. Na huyu mteja kashafika Mwenge, ananipigia.

Fundi Redio: Basi meza ndogo, usogee mbele bila kugongwa. Spika usizitoe.

Bint Temeke: Pokea simu, mwambie hela yake unamrudishia sasa hivi.