Rupia ya Mjerumani: kwenye picha ilikuwa nyingine kabisa, nimebadilishiwa au ni kamera?

Nkuhungu Mpya:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri hasa nyie mnaokusanya sarafu za zamani. Kuna jamaa niliona anauza rupia ya Mjerumani ya 1911, ile yenye kichwa cha kaiza, mfalme wa Ujerumani, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, na nyuma kuna kaherufi J. Picha ilikuwa kali hatari, sarafu imeiva, rangi ya kijivu inayoelekea ubluu, ukiitazama tu unaona kabisa hii imekaa kwenye kasha la babu miaka na miaka. Tukakubaliana laki na themanini, nikatuma hela, mzigo ukaja kwa basi nikaupokea stendi ya Nanenane. Kufungua naona kitu cheupe kinang'aa kama kijiko kipya! Halafu pale juu ya kofia ukingo umelala, hauna ile mistari kama sehemu nyingine. Nimempigia anasema mzigo ni ule ule wa kwenye picha. Sasa nimekaa na simu mkono huu na rupia mkono huu sielewi. Huyu kanibadilishia au vipi? Na jingine, huyo huyo ana medali anaiita ya dhahabu ya vita ya kwanza ya dunia, nilikuwa nataka kuichukua ila sasa naogopa.

Lenzi ya Kizota:
Mkuu usimwite mwizi kwanza. Rangi sio ushahidi, rangi inaweza kubadilika kwa taa ya chumbani tu, na weusi wa fedha unaondoka kwa dakika kadhaa za dawa ya meno. Kitu kisichohama ni jeraha. Fungua ile picha aliyokutumia, zumu mpaka mwisho, tafuta mkwaruzo mmoja shavuni au katundu kadogo karibu na herufi, kisha utafute mahali pale pale kwenye sarafu uliyoshika. Ukikuta alama mbili tatu zimekaa palepale ni sarafu moja. Ukikosa zote ndio uanze kugomba. Angalia pia herufi J imekaaje, maana 1911 zilitoka za A pia, za Berlin, hizo za J ni za Hamburg.

Chuma Tupu:
Kabla hujafanya yote hayo ijaribu na mchele kwanza uone kama inavuta 😂😂

Lenzi ya Kizota:
@Chuma Tupu acha utani, kuna watu huku Dom wameuza mashamba kwa stori hizo hizo za rupia inayovuta mchele na rupia yenye zebaki. Ni fedha na shaba kidogo, basi, hakuna kingine ndani.

Sonara Mstaafu:
Mwanangu hapo ukingo ulipolala ndipo penye habari yote. Hiyo ilikuwa kidani. Rupia nyingi zilivaliwa shingoni, fundi anaweka kapete juu kwa lehemu, baadae mtu akitaka kuiuza kama sarafu kapete kanang'olewa, panapigwa tupa, panasuguliwa. Nimefanya kazi ya usonara Majengo muda mrefu, zimepita mkononi mwangu za namna hiyo nyingi tu. Lehemu ikipigwa moto fedha inabadilika rangi kuzunguka hapo kwa hiyo mtu anaamua kuisugua yote iwe sawa, ndio maana imekujia nyeupe. Chukua lenzi uitazame kwa taa ya pembeni, utaona mikwaruzo myembamba inakwenda upande mmoja yote, hiyo ni ya kitambaa na unga.

Kama unataka kujua ni fedha kweli usiende kuikwangua tafadhali. Tafuta mizani ndogo inayosoma nukta mbili, kavu iwe gramu 11.66, ikiwa imechakaa pungufu kidogo. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, funga rupia kwa uzi uiteremshe ndani ya maji izame yote ila isiguse chini wala pembeni, shika uzi mkono usitetemeke. Ikisoma kama 1.13 hiyo ni fedha ya 917, yaani sehemu 917 kwa elfu ni fedha, ile waliyotumia Wajerumani. Ikisoma 1.3 na kuendelea ujue una nikeli au shaba iliyopakwa. Hata za bandia huwa wanazilinganisha uzito vizuri, ila maji yanawakamata.

Mama Antiki:
Mimi nauza vitu vya kale na naomba niwatetee wauzaji kidogo maana humu tunasemwa sana. Simu hizi zenyewe zinarekebisha picha bila kuambiwa, ukipiga ndani kwenye taa ya njano fedha inatoka kama shaba, ukipiga kivulini asubuhi inatoka bluu, ukiwasha fleshi mikwaruzo yote inapotea na uso unakuwa mweupe pee. Sijaweka filta yoyote lakini mteja akipokea ananiambia nimemdanganya. Mwingine aliona picha ya senti kumi ya Afrika Mashariki imejaa skrini akadhani ni kubwa kama sahani, tangu siku hiyo naweka sarafu ya mia mbili pembeni kila picha.

Lenzi ya Kizota:
Mama Antiki shikamoo, taa nakubaliana na wewe ila ukingo hapana. Mtu anayejua sarafu yake ilikuwa kidani halafu anakropu picha kwa duara ili pale juu pasionekane, huyo simu haijamrekebishia chochote, kafanya mwenyewe. @Nkuhungu hebu angalia, picha yako ilikuwa na mandhari nyuma au imekatwa duara?

Nkuhungu Mpya:
Imekatwa duara mkuu. Nyuma ni nyeupe tupu.

Mama Antiki:
Marahaba mwanangu. Haya, hapo simtetei.

Reli ya Kati:
Niongezee kitu kwa wengine wanaosoma. Sio kila sarafu mbaya kwenye picha ni mbaya. Zile za 1916 zilizopigwa Tabora wakati Mjerumani kazingirwa, heller 20 (heller ndio senti za rupia) zenye herufi T, zilitengenezwa kwa haraka na vifaa vya karakana, nyingine za shaba nyekundu nyingine za shaba ya njano, zimepinda, maandishi yamefifia upande mmoja, na ndivyo zilivyozaliwa. Ukiona picha ya heller 20 ya Tabora imechongeka safi kila herufi imekaa mimi ndio naogopa. Na ya njano ikisuguliwa ikapigwa picha juani kuna wajanja wanaiuza dhahabu. Dhahabu yenyewe ni ile ya rupia 15 yenye tembo, 1916 hiyo hiyo, dhahabu ikitoka Sekenke huko Iramba, ni kadogo kama milimita 22 hivi na gramu 7 na kidogo, tena sio dhahabu tupu ni 750. Za bandia zimejaa kila kona, mtu akikutumia picha ya tembo bila mizani scroll tu endelea na maisha.

Boma la Mpwapwa:
Kuhusu medali. Ina malaika mwenye mabawa kasimama mbele na nyuma imeandikwa 1914-1919? Kama ni hiyo ni ya ushindi ya Mwingereza na ni shaba nyeusi iliyopakwa tu, haijawahi kuwa dhahabu, picha ndio imeifanya dhahabu. Ile ya fedha ni nyingine, ina kichwa cha mfalme George V na nyuma mtu juu ya farasi. Zote mbili thamani iko ukingoni, maana askari alipigiwa namba, cheo, jina na kikosi pale pembeni. Kuna watu wanakwangua jina la kwanza wanachonga jingine linalouzika, ukingo unakuwa mwembamba. Kwa hiyo mwambie akupigie ukingo mzima kwa video, aizungushe polepole dirishani, na sauti yake isikike akitaja jina lako, usikubali picha za mbele na nyuma tu.

Nkuhungu Mpya:
Wakuu nimerudi. Mkwaruzo chini ya masharubu upo, na katundu nyuma karibu na J kapo, vyote kwenye picha na kwenye sarafu. Kwa hiyo ni ile ile, Lenzi ulikuwa sahihi. Kwa sonara mmoja hapa sokoni ikasoma 11.58 kavu na kwenye maji 1.12, naye akaitazama pale juu akasema lehemu kabla hata sijamwambia.

Jamaa nimemtumia picha ya ukingo, mwanzo akasema "hukuuliza", baadae kakubali kurudisha elfu sabini na kashatuma. Rupia nabaki nayo. Medali ni hiyo ya malaika, nikamwomba video ya ukingo, kanitumia tena picha ya mbele ile ile mara mbili.

Boma la Mpwapwa:
Mara mbili 😂 Achana nayo hiyo. Kilimatinde huku kuna mzee anazo mbili za familia, haziuzi, ila akikuonyesha utajua jina la kweli linavyokaa. Njoo inbox.