Nalipia laptopu ya mtumba kesho: Windows, Ubuntu au Mac?

Sangara_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Hapa mjini Mwanza nimepata laptopu mbili za mtumba, moja Windows, moja Ubuntu (ile ya Linux). Ya tatu ni Mac ya jamaa yangu anayehama. Niliyonayo imejaa programu sijui nani kaziweka. Ipi ni rahisi kuona kilichomo na kukitoa?

FundiButimba: Kazi gani? Ramu ngapi? Za mwaka gani? Au tupige ramli?

Mama_Stesheneri: Windows, usihangaike. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika appwiz.cpl, orodha hiyo. Mimi huipanga kwa tarehe; chochote kilichoingia siku moja na kraki ya fundi (programu ya kuvunja leseni) nakitoa kwanza.

Dagaa_Mkavu: Kama ni Windows 10, Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida 14 Oktoba 2025. Chukua Ubuntu. Fungua terminal, dirisha la kuandika amri: `apt list --installed`, kisha `snap list`, maana ya kwanza haionyeshi programu zilizoingia kwa njia ya pili iitwayo snap.

Mama_Stesheneri: Ubuntu? Mpwa wangu aliniwekea dukani Nyegezi. Mwezi mzima safi. Siku hiyo wanafunzi wamepanga foleni, flashi mkononi, diski imejaa. Kwenye hiyo orodha yenu nikaona python3. Python si ni chatu kwa Kiingereza? Nikasema mimi naprinti tu, chatu wa nini? `sudo apt remove python3`. Ikanimwagia majina ya vitakavyoondoka navyo, nikabonyeza Y bila kusoma. Kuwasha tena: skrini nyeusi, maandishi meupe, kipanya hakuna. Foleni yote ikahamia kwa jirani, naye bila haya akaja kuniazima karatasi!

Dagaa_Mkavu: Pole dada, ila ilikuonya; python3 ni lugha ya programu ambayo vitu vingi vya Ubuntu vinaitegemea. Kurudisha skrini ungeandika `sudo apt install ubuntu-desktop`.

Mama_Stesheneri: Kwa intaneti ipi? Waifai nayo ilikuwa imekwenda na chatu.

FundiButimba: 😂 Mac nayo, ukiburuta programu kwenye kapu la taka, mafaili yake mengine hubaki kwenye folda ya Library. Na jamaa atoe akaunti yake ya iCloud mbele yako, la sivyo inaweza kubaki imefungwa kwa akaunti yake, ukawa umenunua sinia. Mtoa mada, ramu?

Sangara_Kirumba: Samahani, umeme ulikatika. Ya Windows 4, ya Ubuntu 8. Mac sijauliza. Ni ya hesabu za duka la nyavu, na kuprinti risiti.

Mama_Stesheneri: Printa gani?

Dagaa_Mkavu: Duka la nyavu? Za dagaa unazo, milimita 8? Bei gani?