Nyie mliopenda mpira wa Kimarekani, mlianzia kwenye gemu gani?

mtoto_wa_tabata

Habari zenu wakuu. Naanzisha hii maana mtaani kwangu sina wa kuongea naye, ukitaja NFL, ile ligi yao kuu, watu wanadhani ni kampuni nyingine ya mikopo ya mtandaoni.

Mimi mpira wa Kimarekani nimeujulia kwenye simu. Kuna gemu inaitwa Retro Bowl, ya wale New Star Games, ilitoka 2020, picha zake za kizamani viboksi viboksi, nilidaunlodi kwa vile ni ndogo na haili bando, ukishaiweka unacheza hata data imekata. Sheria sikuwa najua hata moja. Unavuta kidole nyuma, vidoti vinakuonyesha mpira utaangukia wapi, unaachia, jamaa anadaka anachanja mbuga. Mwanzo nilikuwa naona raha ya kurusha tu. Ila kilichonishika kabisa ni ile hesabu, kwamba una nafasi nne za kusogea yadi 10, ukizifikisha unapewa nne nyingine, usipofikisha unampa mwenzio mpira, sasa umebakiza yadi mbili na hii ni nafasi ya tatu, unampa ranibeki, yule mkimbiaji na mpira, agonge katikati au unarusha? Na kama ni ya nne unapiga fildi goli, ule mpira wa mguu wa kupita kati ya nguzo, upate pointi tatu zako au unajilipua? Hapo ndo usingizi uliponikimbia. Halafu siku moja nikafungua hailaiti za NFL YouTube, nikashangaa naelewa kila kitu, wakati zamani nilikuwa naona watu wanaangukiana tu.

Sasa nyie wenzangu, ilikuaje? Gemu gani, timu gani, mlikuwa mnachezea wapi? Wa kubeza nao karibuni, najua mpo.

---

mzee_wa_mkeka

Nimeitika wito 😂 Mkuu ule sio mpira ule ni kikao. Wanakaa, wanajadiliana, wanasimama, sekunde tano wanaangukiana, tangazo. Dakika 60 zinaliwa kwa masaa matatu na zaidi. Mi nilijaribu fainali yao moja, hiyo Super Bowl, nikalala kabla ya yule msanii wa mapumziko hajaimba.

---

rock_city_finest

@mzee_wa_mkeka hujakosea, kuna gazeti la Marekani liliwahi kupima wakakuta mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 tu kwenye mechi nzima. Lakini ndo maana gemu inasaidia mzee, kwenye TV hizo dakika nyingine zote unaona watu wamesimama, ukiwa na pedi mkononi ndo unagundua kwamba pale walipokaa ndipo mchezo wenyewe ulipo, maana unachagua shambulizi na mwenzio naye anachagua namna ya kukuzuia na hakuna anayejua mwenzie kaweka nini.

Mimi ni wa Mwanza. Kibanda cha gemu pale mtaani kwetu PS2 zilikuwa tatu na foleni ya Winning Eleven ilikuwa inatoka hadi barabarani, unalipia halafu unakaa kusubiri wakubwa wamalize. Kulikuwa na CD moja ya Madden 2004, gemu ya huu mpira wa Kimarekani, haina mwenyewe, sijui ilifikaje, nadhani ilikuja kwenye furushi la CD za mtumba. Mwenye kibanda alikuwa anaturuhusu tuicheze kwenye ile TV mbovu yenye rangi ya kijani, bei ya chini kidogo. Tukaanza watu wawili kwa kukosa la kufanya.

Aisee. Atlanta Falcons, Michael Vick, namba 7. Kwotabeki kwa kawaida ni mtu anasimama anatafuta wa kumrushia, lakini huyu walimpa kasi 95 na mwisho ni 99, yaani anakimbia kuliko mabeki wanaomfukuza. Unajifanya unarusha, wote wanatawanyika kuwafuata marisiva, wale wadakaji, wewe unakata kushoto unapotea. Ilifika mahali tukawekeana sheria kwamba Falcons hawachukuliwi, na hiyo sheria nimekuja kusoma baadaye kwamba hata Wamarekani wenyewe walikuwa nayo majumbani kwao, nikacheka sana, mtoto wa Mwanza na mtoto wa Atlanta wamepiga marufuku kitu kimoja bila kujuana.

Na kichekesho, Vick ndiye alikuwa kwenye kava ya gemu ile ile, na siku chache tu baada ya kutoka, Agosti 2003, akavunjika mguu kwenye mechi ya maandalizi. Watu wakasema ni laana ya Madden. Mi siamini laana, mchezo wenyewe ule wa kugongana kila dakika, ukiweka mtu yeyote kwenye kava ataumia tu.

---

Babu_Ughaibuni

Vijana mnanifanya nijisikie mzee, PS2 kwangu ilikuwa teknolojia ya wajukuu.

Nilikuwa mwanafunzi Kansas City mwaka 1990, mwenzangu wa chumba alikuwa na Nintendo na gemu ya Tecmo Bowl. Sikilizeni ilivyokuwa: timu 12 tu, wachezaji tisa kila upande badala ya 11, na kila timu ina mashambulizi manne basi. Mpinzani wako akibahatisha lile ulilochagua, watu wake wote wanakuvamia kabla hujapumua. Kwa hiyo siyo vidole tu, unamsoma mtu usoni. Mwenzangu alikuwa na tabia ya kukohoa kila akitaka kurusha mbali na mimi sikumwambia mwaka mzima.

Timu hazikuwa na majina yao maana kampuni ya Wajapani wale ilikuwa na ruhusa ya chama cha wachezaji lakini ya NFL hawakuwa nayo, kwa hiyo unaona jina la mji tu, halafu wachezaji ni wale wale wa kweli. Na kwenye Los Angeles yupo Bo Jackson. Huyo Vick wenu aje aone. Bo ukimpa mpira unaweza kuzunguka uwanja mzima, unarudi nyuma kwa makusudi, unapita katikati yao wote, robo ya mchezo inaisha hawajamgusa.

Kilichonichanganya ni kwamba yule mtu nilikuwa namwona kweli. Kiangazi alikuwa anacheza besiboli na Royals, timu ya pale pale Kansas City, mji mzima unamshangilia, ikifika msimu wa mpira anahamia Raiders wa Los Angeles ambao ni maadui wakubwa wa Chiefs, timu ya mpira ya Kansas City, mji ule ule unamzomea. Mtu mmoja! Januari 1991 akaumia nyonga kwenye mechi ya mtoano na Cincinnati na mpira hakucheza tena. Mwisho wa mwaka huo ikatoka Tecmo Super Bowl, safari hii na timu zote 28 na majina kamili, na Bo yumo humo ndani anakimbia kama kawaida. Mwenzangu alikuwa mtu wa Raiders toka utotoni, aliinunua siku za mwanzo kabisa, na msimu mzima alikuwa anampa Bo tu.

---

nyarugusu_to_ohio

Shikamoo babu 🙏

Miye nimezaliwa Kongo nimekulia kambini Nyarugusu, tulivyokuja Columbus, Ohio, nilikuwa na miaka kumi na kitu, Kiingereza hakuna kabisa. Shuleni unakaa kimya siku nzima. Jirani wa juu kwenye apatimenti walikuwa na Xbox, wanakuita kwa mkono tu, njoo, wanakupa pedi. Madden. Hawakunieleza chochote, na hata wangenieleza nisingeelewa, ila kwenye ile gemu ukibonyeza kitufe cha ushauri inakuchagulia shambulizi lenyewe, ndo nilivyojifunza. Maneno yangu ya kwanza ya Kiingereza shuleni yalikuwa blitz, fumble, touchdown, na mengine siwezi kuandika hapa.

Ila kwa huku NFL siyo kubwa vile mnavyodhani, huku ni chuo. Uwanja wa chuo cha Ohio State unaingiza watu zaidi ya laki moja, Jumamosi ya mechi usijaribu kuendesha gari upande ule, na wiki ya kucheza na Michigan kuna watu chuoni wanafuta herufi M kwenye mabango yote, wanaweka alama ya X nyekundu, yaani watu wazima kabisa. Kwa hiyo kilichoniuma ni ile gemu ya vyuo kusimama, ya mwisho ilitoka 2013, wachezaji walikuwa wameenda mahakamani kwamba sura zao na namba zao zinatumika na hawalipwi senti. Mi nasema walikuwa na haki mia kwa mia. Iliporudi 2024 kila aliyekubali kuingizwa alipewa dola 600 na gemu yenyewe bure, na hiyo 600 kwa hela zinazoingizwa mle bado ni chai tu. Lakini nilinunua siku ya kwanza, sitadanganya.

---

msee_wa_ngong_road

Wasee wa Nairobi tuko wapi? Sisi tulikuja na njia ya raga. 2013 story ikatoka kwamba Daniel Adongo, mkenya wetu wa raga, amesainiwa na Indianapolis Colts na hajawahi kucheza ule mchezo maishani. Desemba hiyo hiyo akaingia uwanjani kwa mechi ya ukweli dhidi ya Bengals. Raga crew yote ikaanza kutafuta Colts kwa interneti ya cyber, stream inakwama kila saa. Hapo ndo cousin yangu akaleta Madden, tukawa tunacheza na Colts pekee, kwotabeki ni Andrew Luck, tunarusha tu.

Kitu ilinisumbua kama mtu wa raga ni kupasia mbele. Kwetu hiyo ni makosa straight, hapa ndo unashangiliwa. Na mtu hana mpira unaruhusiwa kumzuia! Ilinichukua muda kuacha kurusha nyuma kwa mazoea. Lakini takling ni ile ile, na nikicheza gemu mi huchukua difensi, wenzangu wote wanataka kuwa kwotabeki, wacha waitane mastaa, mi nawangoja pale katikati.

---

rock_city_finest

Babu hiyo ya kukohoa imeniua 😂😂 na @msee_wa_ngong_road upo sahihi, anayejua difensi hafungwi na watoto. Ila wote mmesahau gemu bora kuliko zote, NFL 2K5. Ilitoka 2004 ikauzwa dola 20 tu kasoro senti wakati wenzao wanauza 50, Madden wakashusha bei kwa hofu, halafu Desemba hiyo hiyo EA, wenye Madden, wakaenda kusaini na NFL kwamba wao peke yao ndo waruhusiwe. Kwisha. Mpaka leo kuna watu wanaiwekea majina mapya ya wachezaji kila msimu kwa mikono yao. Ukiuliza kwa nini Madden ya kila mwaka ni ile ile imebadilishwa namba, jibu ndo hilo, huna mshindani utajisumbua na nini.

---

Babu_Ughaibuni

Kweli. Lakini mheshimuni Madden mwenyewe. Alikuwa kocha wa Raiders aliyechukua Super Bowl ya Januari 1977, na walipomfuata watengeneze gemu, kompyuta za wakati ule hazikuweza kubeba wachezaji wote, wakamwambia tupunguze idadi. Akakataa, akasema kama siyo 11 kwa 11 basi siyo mpira na jina lake lisiwekwe. Wakahangaika miaka ndipo ikatoka 1988 kwenye Apple II. Alifariki Desemba 2021. Na ndege alikuwa hapandi, nchi yote ile alikuwa anaizunguka na basi lake kutangaza mechi.

---

mtoto_wa_tabata

Wakuu nimesoma zote asanteni sana, babu na wewe shikamoo. Sasa swali la pili, mechi zenyewe huku unaziona saa ngapi bila kufukuzwa kazi?

---

nyarugusu_to_ohio

Jumapili mechi za mwanzo ni saa saba mchana za New York, kwa huko Dar ni saa mbili usiku msimu unapoanza, wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa tatu. Hizo unaangalia vizuri tu. Za jioni za huku ndo sahau, Super Bowl inaanza saa nane na nusu usiku kwenu, kuamkia Jumatatu.

---

mzee_wa_mkeka

Saa nane na nusu usiku, kuamkia Jumatatu, kuangalia kikao. Haya. Hiyo Retro Bowl ni MB ngapi lakini?