Naomba ushauri: UPS ya seva, niongeze betri au nihamie inveta?

Wakuu, habari za kazi. Umeme ukikatika, UPS (kifaa chenye betri) ndiyo inayoishikilia seva yetu; inveta nayo hugeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi. Ofisi iko Kirumba, Mwanza. Mzigo nimeupima: seva wati 350, swichi 40, ruta 15, rekoda ya kamera 45. Jumla 450. Printa ya leza haimo. Ile ikianza kupasha moto tu inaizidia UPS.

Iliyopo ni VA 1000, wati 600, betri mbili za volti 12, Ah (ampea-saa) 9 kila moja. Kwa hesabu hiyo ni kama Wh (wati-saa) 216, yaani dakika chache tu, tena betri zikiwa mpya. Ninataka saa 2.

Kufunga betri kubwa za gari nimekataa. Chaja ya ndani ni ndogo, betri ya Ah 100 itachukua siku kujaa, na transfoma iliyoundwa kwa dakika kumi itaungua ikifanya kazi saa mbili.

Zimebaki njia mbili:

Inveta ya volti 24, wimbi safi la sine (umeme laini kama wa gridi), na betri ya lithiamu-chuma-fosfeti (LiFePO4) Ah 50. Volti zake halisi ni 25.6, hivyo Wh 1280; ukitumia asilimia 80 na kutoa upotevu, inabaki kama 920. Saa 2 zinatimia kwa shida, kwa hiyo naegemea Ah 100. Hofu yangu ni muda wa kuhama kutoka umeme wa gridi kwenda betri: milisekunde 10 seva itavumilia, 20 huenda ikazima.

Au UPS ya onlaini (inayopitisha umeme kwenye inveta yake muda wote) yenye betri za nje. Haihami kabisa, ila ina joto na feni haizimi.

Aliyefunga mojawapo, je, kinakubali umeme wa jenereta ndogo, au masafa (frikwensi, Hz) ya jenereta yakiyumba kinarudi kwenye betri?