Mwanakikundi anayepewa kamisheni na duka akisifia dawa kikaoni, tumfanyeje?

KatibuInyala

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa mliowahi kuongoza vikundi vya wakulima.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo Mbeya Vijijini, upande wa Inyala. Tukikutana tunaweka akiba, tunakopeshana, halafu tunaingia kwenye taarifa za shamba. Kila mtu anaeleza ametumia mbegu gani, dawa gani ya ukungu, busta gani (kile kirutubisho cha kupiga kwenye majani), na matokeo yake. Kipengele hicho ndicho kilichokikuza kikundi, kwa sababu mtu anapata neno la mwenzake aliyelima badala ya neno la anayetaka kumuuzia.

Wauzaji wamelijua hilo. Zamani walikuja wenyewe na vipeperushi, wakaomba dakika chache, wakaondoka. Haikuwa shida. Msimu huu kuna mwenzetu, mkulima mzuri kabisa, amesimama kikao baada ya kikao kuisifia busta moja, kwamba viazi vimejaza, mashina matatu ndoo imejaa. Watu wakanunua, wengine kwa mkopo wa kikundi. Baadaye ikajulikana duka linampa kamisheni kwa kila chupa, na kwamba shambani kwake alimwaga samadi nyingi kabla ya kupanda. Kuhusu mavuno hakudanganya, viazi tuliviona kwa macho. Ila hayo mengine hakuyasema.

Wakati huohuo mjumbe mwingine alitamka kikaoni kwamba dawa fulani ya ukungu ni feki, "maji matupu". Mwenye duka akaja juu, akatishia kutushtaki.

Sasa tumegawanyika. Wazee wanataka iwe marufuku kutaja jina la bidhaa yoyote. Vijana wanasema bila majina taarifa hazina faida. Mwenyekiti anataka wauzaji walipe ada ndipo waingie. Mimi sitaki marufuku, na sitaki kikao kigeuke mnada. Kwenu mnafanyaje?

MzeeWaUmalila

Katibu, marufuku ya majina msiikubali. Mkinyamaza ninyi, muuzaji hatanyamaza. Atamfuata mkulima mmoja mmoja nyumbani, na huko hakuna wa kumpinga. Sisi tulishawahi kukatazana hivyo. Watu walikaa kimya kikaoni, wakaenda kuulizana njiani wakirudi, na aliyekuwa na maneno mengi ndiye aliyesikilizwa.

Tukuyu_Juu

Mfukuzeni huyo wa kamisheni. Ametumia imani ya wenzake kujinufaisha.

KiloloKwetu

Kumfukuza ni kupoteza mkulima mzuri. Huku Iringa tuna kikundi cha viazi na njegere, na tulichokubaliana ni kwamba kabla hujataja bidhaa, unasema kwanza umepewa nini. Kamisheni, chupa ya kujaribu, kofia, mkopo wa dukani, hata nauli. Nane Nane kuna wenzetu wanaopelekwa uwanja wa John Mwakangale kwa gari la kampuni, wanalishwa, wanarudi na fulana. Si kosa, lakini useme. Ukishasema, unaruhusiwa kueleza ulichokiona shambani, ila humshawishi mtu anunue na huchukui oda ndani ya kikao.

Mwanzoni watu waliona aibu. Siku hizi mtu anasimama, "nina kamisheni ya hii," anaendelea. Wengine bado wananunua kwake, maana wameshajua wanamsikiliza nani.

BibiShambaUyole

Naungana na Kilolo, lakini hapo ni nusu ya kazi. Hata mtu asiyepewa chochote anaweza kuwapotosha kwa nia njema kabisa. Mimi ni afisa ugani, na hizi kauli za "inafanya kazi" na "haifai" nazisikia kila siku.

Chukueni hiyo dawa iliyoitwa maji. Angalieni kiambato kwenye lebo. Dawa yenye mankozebu peke yake hukaa juu ya jani na kuzuia. Haiingii ndani kutibu. Yenye metalaksili huingia ndani ya mmea, lakini nayo ikirudiwarudiwa bila kubadilisha, ugonjwa unaizoea. Sasa mtu anasubiri mpaka majani yameungua, kuna baridi, umande mpaka saa nne, mvua jioni, ndipo anapiga dawa ya kuzuia. Shamba litaisha hata kama dawa ni halali kabisa. Jirani yake aliyeanza kupiga kabla ya madoa anavuna. Wote wawili wanakuja kikaoni kuisema dawa ileile, na wote wanasema kweli.

Kwa hiyo anayetoa taarifa aulizwe: ni mbegu gani na ulipanda lini? Viazi vilikuwa na umri gani siku ya kupiga? Uliweka kiasi gani kwenye bomba la lita ngapi? Mvua ilinyesha baada ya muda gani? Shamba lilikuwa na samadi? Asiyekumbuka ataje hivyo, na katibu aandike.

Kwa busta ni rahisi zaidi. Acheni mistari michache bila kupiga, mingine yote ihudumiwe sawasawa. Siku ya kuchimba, chimbeni idadi ileile ya mashina kila upande mbele ya wanachama na mpime kwa mzani. Sifa za ndoo ziacheni. Ndoo hujazwa kwa mashina yaliyochaguliwa.

Na neno "feki" lisitamkwe kwa kukisia. Mtu aseme "nilipiga hivi, sikuona matokeo". Mkiwa na wasiwasi, tunzeni chupa na lebo yake, namba ya toleo na risiti, mpeleke kwa afisa ugani. Kuna taasisi za serikali kwa kazi hiyo: dawa ni suala la TPHPA, mbolea TFRA, mbegu TOSCI. Hao ndio wenye kupima na kutamka.

DukaMbalizi

Mimi ni muuzaji, nalisema mapema. Naomba mambo mawili. Kwanza, mtu akilalamikia bidhaa ya duka langu, niitwe nijibu kabla habari haijafika sokoni. Nimewahi kupoteza wateja kwa kitu nilichokuwa nimeuza halali. Pili, hiyo ada ya mwenyekiti muiangalie vizuri. Kampuni kubwa italipa na kuongeza soda. Duka dogo lenye kitu kizuri litabaki nje, halafu ninyi mtakuwa mmeuza masikio ya wanachama wenu.

Tupeni siku yetu, wauzaji wote pamoja, kabla ya msimu. Tuonyeshe, tuulizwe, tutaje bei. Kwenye taarifa za shamba tusiwepo kabisa.

MzeeWaUmalila

Huyu wa Mbalizi kasema kweli. Na kikundi kikishapokea ada, nani atakuwa na uso wa kusimama kusema bidhaa ya mlipaji haikufaa?

Msomi_Makambako

Nyongeza kidogo. Kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa kunakatazwa na Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003. Na jambo hili linasumbua hata wenzetu wa mbali. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni mwaka 2024 za kuzuia ushuhuda bandia na maoni chanya ya kununuliwa. Mwenye maslahi na muuzaji anatakiwa kuyaweka wazi. Wanachofanya Kilolo ni kilekile.

KatibuInyala

Shikamoo mzee wa Umalila, na asanteni wote. Nimeandika rasimu ya kupeleka kikaoni: majina ya bidhaa ruksa, mwenye maslahi atangaze kwanza, maswali ya bibi shamba yawe kwenye daftari, wauzaji wapewe siku yao bila ada, na mwenye duka aitwe kujibu lalamiko. Yule mwenzetu nimeongea naye, amekubali kuanza yeye kutangaza.

Bado nakwama kwenye mkopo. Waliokopa kununua busta wanadaiwa, na kulipa ni shida kwa sababu wanunuzi wa viazi wanataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

KiloloKwetu

Hao waliokwishakopa waongezeeni muda, si kosa lao. Kuanzia sasa, bidhaa ambayo mwanachama ana kamisheni nayo isikopewe fedha ya kikundi mpaka ijaribiwe kwenye mistari, kama alivyosema bibi shamba. Na mwenye kamisheni asikae kwenye kamati ya mikopo siku hiyo inapojadiliwa.

KatibuInyala

Hilo naliongeza. Dada bibi shamba, mistari isiyopigwa tuiache upande gani? Shamba tunalotaka kutumia lina mteremko.

BibiShambaUyole

Msiache ile ya pembeni, wala msiweke yote upande wa bonde, rutuba husombwa kwenda chini na mtapata jibu la uongo. Mistari ipandishe mteremko kutoka chini mpaka juu, michache mipigwe, michache isipigwe, halafu mrudie tena mbele. Wekeni vijiti vya alama mapema, maana majani yakifunga hamtatambua ipi ni ipi. Nitumie ujumbe mkishapanda, nitapita.