Majirani wa Darajani

MAMA PILI 06:12
Asalaam aleikum. Ule ubao wa katikati umeoza, jana mtoto wa madrasa kazama mguu mpaka gotini. Masika hayo yaja. Kila nyumba elfu tano, leo leo.

MAMA PILI 06:47
Tiki za bluu naziona.

FUNDI SADI 07:55
Waaleikum salaam. Ubao tu hautoshi, Mama Pili. Mtaro umejaa vifuu na mifuko chini ya daraja, maji yakikosa njia yanakula kingo. Tuzibue kwanza, kisha tumwage zege.

BI CHAUSIKU BAJIA 08:03
Mkimwaga zege meza yangu naiweka wapi? Watu wa Mgandini alfajiri wote wapita kwangu.

JUMA BODA 08:10
Mbao zile rika moja na ubingwa wa Coastal Union, 1988 😂

KAKA HAMZA 08:11
Afadhali mbao, bado tunaziona.

JUMA BODA 08:11
African Sports nawe wasema? 😂😂

MAMA PILI 08:15
Nazungumza miguu ya watoto, nyie mwaleta mpira!

MWALIMU 10:30
Tupeleke barua TARURA. Barabara za mitaa ziko kwao tangu 2017.

FUNDI SADI 10:41
Peleka, Mwalimu. Sisi huku tuzibue.

BABA ZAINA 13:20
Elfu tano sina neno. Ila zile za taa ya darajani? Nguzo ipo, taa sijaiona.

MAMA PILI 13:22
Hilo lilikwisha kwa mwenyekiti.

BABA ZAINA 13:22
Lilikwisha kwenu.

MAMA PILI 13:24
Ujumbe huu umefutwa

KAKA HAMZA 13:25
Tushasoma 🙈

MJUKUU WA BI MKUBWA 16:50
Shikamooni. Bibi kasema niandike kama alivyotamka: "Mwaka ule wa El Nino, 1997, maji yalilifunika daraja, mzee wangu mkamzungusha na jeneza mpaka barabara ya magari. Mimi msije mkanizungusha."

JUMA BODA 18:32
Marahaba. Mwambie Bibi shikamoo. Toroli ninalo.

BABA ZAINA 21:04
Nimetuma. Elfu kumi.

MAMA PILI 21:06
Allah akuzidishie. Jumapili asubuhi basi, na majembe.

KAKA HAMZA 21:09
Jumapili si maulidi kwa kina Salehe?

BI CHAUSIKU BAJIA 21:10
Na meza yangu?

FUNDI SADI 22:15
Saruji yatoka hapo Pongwe tu, lakini dukani haitoki bure. Nani ananunua? Na ni Jumapili au Jumatatu, yakhe? Kuna mtu Raskazone ananisubiri nimjibu.